HAKI NA KIPIMO: NENO JUU YA UGONJWA WA PUMU

Liko neno ambalo watu hulisema mara nyingi pasipo kulipima, nalo ni hili, ya kwamba haki ni kuwapa watu wote sawasawa. Mwaka wa njaa, mahindi ya msaada yanapofika kijijini, kila mwenye nyumba hutaka debe lake, na mgawaji akimwongezea mmoja kidogo, wengine hunung'unika na kusema, "Amempendelea." Nao wana sababu, maana upendeleo ni jambo baya, nao umeharibu ujirani mahali pengi. Lakini tumwulize mgawaji swali la pili. Nyumba moja ina mjane peke yake, na nyumba ya pili ina watoto tisa. Je, kila nyumba ikipata debe moja, haki imetendeka? Hapo wanung'unikaji hunyamaza kidogo. Waona ya kuwa vipimo vilivyo sawa havileti haki sikuzote, na vipimo visivyo sawa si upendeleo sikuzote. Lililo la lazima ni kujua nani yumo ndani ya nyumba.

Swali hili si la mahindi tu. Siku hizi limeingia hospitalini pia. Matabibu wa nchi nyingi wasema ya kuwa magonjwa mengine hayafai kutibiwa kwa dawa moja kwa watu wote, bali kila mgonjwa apimwe peke yake, apewe dawa impasayo yeye. Ugonjwa mmoja unaotajwa sana katika habari hii ni pumu. Nasi wa Singida, wenye upepo usiotulia wakati wa kiangazi, na vumbi la kupura mtama na alizeti, na moshi wa kuni ndani ya nyumba, pumu si ugonjwa tunaousikia kwa mbali. Basi na tulifikiri swali hili pamoja: Je, ni haki kutafuta dawa ya kila mtu peke yake, hali wako wengi wasiopata hata ile dawa ya wote?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Pumzi ya mtu hupita katika bomba la koo, kisha bomba hilo hugawanyika kama mti, lina shina na matawi na vijitawi vyembamba, hata kufika ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtu mwenye pumu, ngozi laini ya ndani ya njia hizo imevimba, nayo ni nyepesi kuchokozeka. Akivuta vumbi au moshi au hewa ya baridi, au akipatwa na mafua, misuli iliyozizunguka njia hizo hukaza, ute hujaa, na mahali pa kupitia pumzi huwa pembamba. Kuingiza pumzi ni kazi, na kuitoa ni kazi zaidi, ndipo kifua hulia kama filimbi. Mara nyingi shida huja usiku au alfajiri, kisha hupungua mchana, hata watu hudhani mgonjwa amepona. Pumu si kifua kikuu, wala haiambukizi. Mtu haipati kwa kunywea kikombe cha mgonjwa, wala kwa kulala karibu naye.

Tena pumu huua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye mapato madogo, ambako ugonjwa mara nyingi haujulikani, au hautibiwi ipasavyo. Neno hili lataka kufikiriwa. Dawa za kuzuia vifo vingi vya namna hii zimekwisha kupatikana tangu miaka zaidi ya hamsini. Wafu hawa kwa sehemu kubwa hawakufa kwa kuwa dawa haijavumbuliwa, ila kwa kuwa haikuwafikia, au iliwafikia isiyowapasa.

Dawa hizo ni za namna mbili, nasi tukizichanganya hatutaelewa neno lolote linalofuata. Mfano wake ni nyumba ya tembe iliyojaa moshi. Mtu akifungua mlango, moshi hupungua na macho hupata nafuu, lakini kuni mbichi zingali zinawaka. Dawa ya kwanza, iitwayo salbutamoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, ni kama kuufungua mlango. Huilegeza misuli iliyokaza, na mgonjwa hupata nafuu baada ya dakika chache, nayo nafuu hiyo hudumu muda wa saa nne au sita. Dawa ya pili ni ya jamii ya steroidi, kama beklometasoni iliyoanza kuuzwa mwaka 1972. Hiyo ni kama kuupunguza moto wenyewe, maana hutuliza uvimbe wa njia za pumzi. Walakini haileti nafuu saa ile ile. Yataka kuvutwa kila siku, nayo huonyesha kazi yake baada ya siku nyingi au majuma.

Dawa zote mbili huvutwa kwa kikopo kidogo ambacho watu wengi hukiita inhela. Habari ya kikopo hicho yafaa kukumbukwa. Katika mwaka 1955 huko Marekani binti mmoja mwenye pumu alichoshwa na chombo cha kioo cha kunyunyizia dawa, akamwuliza babaye kwa nini dawa yake isitiwe katika kikopo cha kubonyeza, kama dawa ya kunyunyizia nywele. Babaye, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker. Hakulidharau neno la mtoto. Mwaka uliofuata, 1956, vikopo vya kwanza viliuzwa. Chombo kinachotumiwa leo duniani kote kilizaliwa kwa swali la mgonjwa, na kwa mtu mzima aliyesikiliza.

Sasa tazameni jinsi watu wanavyozitumia dawa hizi. Mtu aliyebanwa kifua, akivuta salbutamoli, hupumua. Ameona kwa macho yake kwamba dawa imefanya kazi, naye atainunua tena. Akipewa steroidi, aivuta leo na kesho, haoni kitu, kisha aiacha. Hivyo dawa inayosikika hununuliwa, na dawa inayolinda huachwa dukani. Matabibu wenyewe walikuwa wakianza kwa kumpa mwenye pumu nyepesi ile salbutamoli peke yake. Lakini mwaka 2019 kamati ya mataifa iitwayo GINA, iliyoanzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya kuongoza tiba ya pumu, ilitoa shauri jipya, ya kwamba watu wazima na vijana wenye pumu wasitibiwe kwa dawa ya kufungulia pumzi peke yake, hata kama pumu yao ni nyepesi, bali wapate na steroidi ya kuvuta. Maana mtu anayefungua mlango kila siku, na moto asiuguse, mwisho nyumba humshinda.

Hata hapa bado twasema habari za dawa ya wote. Je, neno la kumpima kila mtu lilitoka wapi? Halikuanza na mashine za thamani kubwa. Katika mwaka 1958 tabibu mmoja Mwingereza, Harry Morrow Brown, alikuwa akiwatibu wenye pumu. Wakati ule matabibu walibishana kama vidonge vya steroidi vyawafaa wagonjwa hao au havifai, kwa kuwa wengine walipona navyo na wengine hawakupata faida. Yeye akayachukua makohozi yao, akayatazama kwa hadubini. Akaona ya kuwa wale ambao makohozi yao yalijaa chembe ziitwazo eosinofili walipata nafuu kwa steroidi, na wale wasio na chembe hizo hawakupata. Ugonjwa ulikuwa na jina moja, lakini ndani yake yalikuwamo magonjwa zaidi ya moja.

Neno hilo lilisahauliwa kwa sehemu miaka mingi, kisha likarudi kwa nguvu. Ilitengenezwa dawa ya sindano, iitwayo mepolizumabu, nayo ni kingamwili iliyofanywa ili kuzipunguza eosinofili. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2007, watu 362 wenye pumu waliingizwa pasipo kuchaguliwa kwa chembe hizo, na dawa haikuonekana kuwa na faida. Wangaliweza kuitupa. Lakini mwaka 2009 matabibu wa Leicester katika Uingereza, na wengine wa Kanada, waliwapa wagonjwa waliochaguliwa kwa sababu chembe hizo zilikuwa nyingi ndani yao, na mashambulio ya pumu yakapungua sana. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ikaruhusu dawa hiyo itumiwe. Dawa ilikuwa ile ile. Iliyobadilika ni desturi ya kuwapa watu wote sawasawa, pasipo kuuliza kilichomo ndani yao.

Basi kwa habari hii neno la mgawaji wa mahindi limethibitika. Kumpa kila mgonjwa dawa moja kwaonekana kuwa ni haki, maana hakuna aliyependelewa. Lakini yule asiyefaidiwa na dawa hiyo amepewa jina la haki, hakupewa haki yenyewe. Amekunywa uchungu wa dawa, ametoa fedha yake, amepotewa na wakati, naye bado abanwa kifua. Tena mara nyingi huongezewa lawama, akiambiwa, "Wenzako wamepona, wewe bila shaka hukufuata maagizo."

Hapa mtu atasema: "Bwana, hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sindano hizo bei yake hatuiwezi hata tukiuza mbuzi wote. Sisi hata inhela ya kawaida hukosekana katika zahanati. Tuache habari za kumpima kila mtu, tutafute kwanza dawa ya wote." Shauri hili si la kijinga, wala halifai kudharauliwa. Lakini ndani yake limo kosa moja. Ladhani ya kuwa kumpima mtu na kumpa sindano ya thamani ni kitu kimoja. Sivyo. Sindano ni mwisho wa njia, na wachache tu ndio waifikiao. Mwanzo wa njia ni kumtazama huyu mgonjwa aliye mbele yako na kuuliza maswali. Na mwanzo huo twauweza. Hadubini aliyoitumia tabibu yule wa mwaka 1958 si kitu kigeni kwetu. Kwa hadubini hospitali zetu, kama ile ya Kilutheri ya Iambi katika Mkalama, hutafuta vidudu vya malaria na vya kifua kikuu.

Tufanye mfano. Katika kijiji kimoja wako watu watatu wanaokohoa. Wa kwanza ni mvulana mchungaji. Kifua chake hubana kila mwaka watu wanapopura na kupepeta, na usiku huamka akilia filimbi kifuani. Wa pili ni bibi mzee aliyepika kwa kuni ndani ya tembe miaka arobaini. Yeye hukosa pumzi akipanda kilima, mchana na usiku, masika na kiangazi, wala haponi katikati. Wa tatu ni kijana aliyerudi kutoka machimboni. Amekonda, hutoka jasho usiku, na makohozi yake yana damu. Watu wa kijiji huwaita wote watatu "wagonjwa wa kifua", na mwenye duka huwauzia dawa moja ya maji ya kikohozi. Huo ni usawa kamili. Lakini mvulana huenda ana pumu, na dawa ya kuvuta yaweza kumrudishia usingizi wake. Bibi huenda mapafu yake yameharibiwa na moshi, na tiba yake ya kwanza ni kuutoa moshi nyumbani. Kijana lazima apimwe makohozi upesi kwa ajili ya kifua kikuu, asije akafa na kuwaambukiza jamaa zake. Kuwatenga hawa watatu kwahitaji mtu wa kusikiliza, na hadubini moja, na njia ya kufika hospitali. Kazi hiyo ni kumpima kila mtu kweli kweli, nayo hufanyika pasipo sindano yoyote.

Tena yafaa tujue ya kuwa kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya wengine chaweza kutudanganya. Matabibu wa Ulaya hupima eosinofili katika damu, na zikizidi, hufikiri pumu ya namna fulani. Lakini chembe hizo huzidi pia kwa mtu mwenye minyoo au kichocho, na magonjwa hayo wengi katika nchi yetu wanayo. Mtu akichukua hesabu ya London na kuiweka juu ya mtoto wa Iramba pasipo kuuliza habari za minyoo, atasema amempima mtoto, kumbe amewapima minyoo. Kwa hiyo kazi hii haiwezi kufanywa na wageni kwa niaba yetu milele. Yataka matabibu na wauguzi wanaojua maji yanayonywewa hapa, na kuni zinazochomwa hapa, na mwezi wa kupura mtama.

Liko jambo jingine la hatari, nalo ni kudhani ya kuwa kumjua mtu ni kulijua kabila lake au rangi yake. Huko Marekani, kwa miaka mingi, mgonjwa mweusi alipopuliza katika mashine ya kupima pumzi, kipimo cha kumlinganishia kilipunguzwa, kwa kawaida kwa sehemu 10 mpaka 15 katika mia, kwa kuwa ilisemwa pumzi ya watu weusi ni ndogo kwa asili. Hivyo mtu aliyekuwa na upungufu wa kweli aliweza kuambiwa, "Wewe ni mzima kwa mtu wa namna yako." Katika mwaka 2022 ilitangazwa hesabu mpya isiyotazama rangi, na mwaka 2023 chama cha matabibu wa kifua cha Marekani kilishauri hesabu hiyo ndiyo itumiwe. Tujihadhari na sisi pia. Kusema "Wanyaturu wako hivi" au "watu wa Manyoni wako vile" si kumpima mtu. Ni kumvika nguo ya mwingine na kusema imemkaa.

Wako na wengine wasiopimwa kwa sababu hakuna aliyewauliza jinsi wanavyoitumia dawa. Inhela si kidonge cha kumeza tu. Yapasa kuitikisa, kutoa pumzi, kuanza kuvuta pole pole, kubonyeza wakati ule ule wa kuvuta, kisha kuishika pumzi kwa hesabu ya kumi. Akikosea, dawa nyingi hubaki mdomoni na kooni. Na aliyevuta steroidi asukutue kinywa kwa maji, ayateme, ili asipatwe na utando mweupe mdomoni. Mtoto mdogo hawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta, wala mzee mwenye vidole vilivyokakamaa. Je, hao tuwaambie dawa haiwafai? Mwaka 1999 tabibu Heather Zar na wenzake wa Cape Town walitangaza habari ya chupa ya plastiki ya nusu lita. Chini ya chupa hutobolewa tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, inhela hutiwa humo na kuzibwa vizuri, na mtoto huvuta kwa mdomo wa chupa pole pole. Watoto waliobanwa na pumu walipata nafuu kwa chupa hiyo sawa na kwa chombo cha kununua. Chupa za namna hiyo hutupwa kila siku katika stendi ya mabasi ya Singida. Zaweza kuwa dawa, ikiwa yuko mtu atakayesema, "Mwanangu, hebu nionyeshe unavyovuta."

Wazee wetu husema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema: usimsumbue mnyonge kwa maswali, mpe. Lakini mithali hiyo haiwezi kuongoza tiba ya pumu. Mgonjwa huyu lazima aulizwe: Wabanwa saa ngapi? Mwezi gani? Wapika wapi? Walala na nini? Dawa umevuta siku ngapi, na kwa nini uliiacha? Pengine atajibu ya kuwa aliiacha kwa sababu jirani alimwambia inhela ni dawa ya mwisho, na aliyeianza hufa nayo. Uvumi huo umeenea, na ni uongo. Wako wanaoikimbia inhela na kumeza vidonge vya salbutamoli, wakidhani kidonge ni chepesi. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa sawa na mivuto 40 ya mikrogramu 100, tena hupita mwili mzima, mikono ikatetemeka na moyo ukaenda mbio. Inhela hupeleka dawa kidogo mahali penye shida. Mtu hawezi kutolewa katika hofu hii kwa amri. Yapasa aulizwe, asikilizwe, aelezwe.

Sasa tulifikie swali gumu, wala tusilikimbie. Wako wachache wenye pumu kali sana, ambao hata wakizitumia dawa zote za kawaida vizuri, hawapati nafuu, na pengine sindano ile ya thamani ndiyo ingaliwafaa. Ikiwa mfuko wa fedha ni mmoja, nao ni mdogo, je, tununue sindano za mmoja, au inhela za watu wengi? Mimi nasema inhela za wengi ndizo zitangulie, wala sisemi hivyo kwa sababu maisha ya yule mmoja ni ya thamani ndogo. Nasema hivyo kwa kuwa kila mmoja wa wale wengi naye ni mmoja. Naye ana jina, na mama anayekesha naye usiku. Ni rahisi kumhurumia mtu mmoja unayemwona, na kuwasahau wengi wasioonekana; hapo huruma yenyewe hugeuka kuwa upendeleo.

Lakini tukisha kuamua hivyo, hatujamaliza deni letu kwa yule mmoja. Wenye mamlaka wakisema, "Tumechagua wengi," kisha wakamfungia mlango, wamefanya hesabu, hawajatenda haki. Bado ni wajibu wetu kuhakikisha kama pumu yake ni kali kweli, au alikuwa akivuta vibaya miaka yote. Apelekwe kwenye hospitali kubwa akapimwe, na moshi utolewe nyumbani mwake. Naye aambiwe kweli, ya kwamba dawa iko na ya kwamba sisi hatukuweza kuinunua, asidanganywe kwamba haipo. Jambo hilo la mwisho ni gumu, lakini mgonjwa asiyeambiwa kweli amenyang'anywa hata nafasi ya kuomba msaada mahali pengine. Tena watu wakiisikia kweli hiyo, siku moja watauliza kwa nini bei ni kubwa hivyo, na swali hilo lina haki ya kuulizwa.

Basi, ndugu, iko kazi kwa kila mmoja wetu. Mwenye pumu asione haya kuivuta dawa yake mbele ya watu, wala asiiache ile ya kila siku kwa kuwa leo amelala vizuri. Akibanwa sana, hata hawezi kumaliza sentensi, avute dawa ya kufungulia pumzi na kupelekwa hospitali saa ile ile, pasipo kungoja asubuhi. Wenye nyumba waujenge moto mahali penye kutoa moshi. Serikali yetu katika mwaka 2024 ilitoa mpango wa nishati safi ya kupikia, ikikusudia watu 80 katika mia waitumie kufikia mwaka 2034. Lakini mtoto anayekohoa leo hawezi kungoja mwaka 2034. Dirisha moja katika jiko lafaa leo, na kumweka mbali na uwanja wa kupuria lafaa leo.

Nanyi walimu na wazee wa kanisa, ninyi huingia nyumba za wagonjwa kabla tabibu hajaitwa. Msikubali mwenye pumu asemwe kuwa amerogwa au kwamba ni mvivu wa kulima. Mkichanga fedha kwa ajili ya mgonjwa, msiridhike kumpa sawa na mliyempa mwingine mwezi uliopita, bali mwulizeni yeye, na mwulizeni muuguzi wake, ni dawa ipi imempungukia. Mara nyingi mtaona ni ile ya kulinda, isiyosikika, ambayo hakuna aliyemnunulia. Na mkikuta wagonjwa wawili katika nyumba moja, msidhani dawa ya mmoja ni ya wote wawili.

Mgawaji wa mahindi ana debe lake, nalo ni lazima, maana pasipo debe kila mtu huchukua kwa nguvu zake. Vivyo hivyo nchi yataka dawa ya wote, yenye bei ya kununulika, katika kila zahanati, toka Manyoni hata Mkalama. Lakini debe halina macho. Mgawaji ndiye mwenye macho, na haki yamtaka ayatumie, aingie mlangoni, ahesabu waliomo, ndipo apime.